Fundi Melkiory na Breki Zilizotiwa Samli

Fundi Melkiory wa Nkwenda hakuwahi kukabidhi gari alilotengeneza breki bila kwanza kuteremka nalo mlimani yeye mwenyewe, mkewe Xaveria kando yake. "Nikifunga ovyo, nife na wangu," alikuwa akisema. Watu walimcheka. Mimi Kakuru, dereva, nilimcheka kuliko wote, mjinga mimi!

Mwaka 1953 nilimpelekea lori la zamani la tajiri wangu, Rwezaura. Ukikanyaga breki, pedali inazama mpaka chini. Kutwa nzima mimi nakanyaga, yeye yuko uvunguni na spana. "Piga! Piga! Shikilia!" Analegeza nati, upepo ulionaswa kwenye mabomba unatoka na povu, anakaza, tunarudia. Tulizunguka magurudumu yote, wapi! Akabadilisha raba za breki, akapapasa mabomba, hakuna panapovuja.

Akatoka chini, akanusa vidole. "Bwana Kakuru, uliongeza nini humu?"

"Mafuta ya breki, fundi. Nini tena?"

Uongo mtupu! Juzi yake, nikitoka Murongo, mafuta ya breki yaliniishia njiani, nikaomba samli kwa wafugaji, nikajaza. Kwetu sisi watu wa ng'ombe, samli hulainisha kila kitu: ngozi, bawaba, hata magoti ya wazee. Nani aliniambia breki haiitaki? Nilipoona fundi anahangaika nilianza kushuku, lakini Rwezaura angesikia, kazi sina. Nikaendelea kukanyaga.

Alasiri, jua likiwaka, pedali ikasimama juu, haikuzama tena. Melkiory akapiga makofi. Nami nikajiambia yamekwisha.

Kesho yake asubuhi kulikuwa na baridi kali. Nilikuwa naficha mikono kwapani, nimetoka kula viazi kwa samli iliyoganda hata kijiko hakizami. Xaveria akaja na mtoto wao mgongoni.

"Umeamkaje, shemeji?" akaniuliza, akapanda mbele.

Melkiory akakanyaga pedali, akaikuta ngumu, akatabasamu. Akawasha injini. Ndipo iliponijia: samli iliyoganda! Mungu wangu, na ile iliyobaki kwenye mabomba? Pedali ngumu, na breki haifiki magurudumuni!

Nikaruka mbele ya lori. "Zima! Zima, fundi! Nilitia samli!"

Akazima. Alinitazama kama hanijui. Akaingia chini, akafungua ile nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu la nyuma, akaniita nione. Hakikutoka kitu. Akafungua bomba lenyewe, akachokoa kwa waya, likatoka donge jeupe. Nikakaa chini kwenye vumbi, nikaanza kubwabwaja habari za Rwezaura na kazi yangu.

Hakunitukana hata neno moja, afadhali angenitukana. Alikwenda kwa Xaveria, akamfungua mtoto mgongoni, akaja kuniwekea mikononi.

"Mshike," akasema, "mpaka nimalize kusafisha."

Alimaliza saa nane mchana. Sikuthubutu kumweka mtoto chini.