Chemchemi Nyuma ya Seng'enge

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kando ya Ziwa Nakuru. Nilipofungua mlango wa gari, harufu ya magadi ikanipiga puani, nikawa tena msichana mdogo mwenye mtungi mgongoni.

Enzi za Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, rafiki yangu, tuliishi kwenye laini za wafanyakazi wa shamba la mzungu. Vibanda vyetu vilizungushiwa ua, na jua likizama lango lilifungwa. Hata kumzuru shangazi shamba la pili kulitaka kibali. Nyanya yangu alikuwa akisema, "Hata kuku wa bwana wanatembea huru kuliko sisi."

Mahali pamoja tu palituacha tupumue. Kati ya shamba na ziwa kulikuwa na ardhi ya serikali, migunga na vichaka vya leleshwa tupu, na katikati yake chemchemi ya maji matamu. Mchana wanawake waliruhusiwa kwenda kuchota. Huko walicheka kwa sauti ambayo sikuisikia kamwe kwenye laini. Sisi watoto tuliwachimbia mbuzi udongo wa chumvi, tukatafuna viazi vitamu vya baridi, tukitazama ndege heroe wamejaa ziwani kama maua ya waridi.

Kisha vijana wa kizungu wakagundua kwamba ufuo ukikauka ni uwanja mzuri wa mbio. Kila Jumapili walikuja na motokaa na pikipiki. Heroe wakaruka wote kwa kishindo. Mayai ya ndege wa ardhini yakapondwa, na magurudumu yakakoroga chemchemi hata tukawa tunabeba tope nyumbani. Mtoto wa jirani akaharisha nusura afe.

Nyanya akawakusanya wanawake, wakakata matawi ya miiba na kuziba njia yote ya magari iliyopita chemchemini. Jumapili iliyofuata pikipiki ikasimama mbele yao.

"Ondoa hii takataka!" kijana akafoka.

Nyanya akaketi chini, mbele ya miiba. "Hapa watu wanakunywa maji. Pita juu yangu."

Nyapara wa shamba akaja mbio, jasho likimtoka. "Nyanya, tafadhali inuka. Utatufukuzisha sote!"

Hakuinuka. Mimi nilishika shuka yake. Mwishowe kijana akatema mate, akageuza pikipiki.

Habari zikafika kwa afisa wa wanyamapori. Alikuja, akainama juu ya maganda ya mayai, akaonja maji akayatema. Akaahidi kwamba magari hayatakanyaga tena pale. Jioni ile wanawake waliimba hadi lango likafungwa.

Baada ya majuma machache likaja lori la nguzo na seng'enge. Tulipokwenda na mitungi yetu, tulikuta seng'enge imeizunguka ardhi ile yote, na askari kwenye geti lake.

"Magari yamekatazwa," akasema.

"Vizuri," nyanya akajibu. "Sasa tufungulie tupite."

"Na watu pia, mama. Ni amri."

Nyanya aliushika ule waya kwa mikono miwili. "Tuliomba mfungie magari," akasema polepole. "Nani aliwaambia mtufungie sisi?"

Tangu siku hiyo tulichota kwenye tangi la shamba, kwa foleni, nyapara akisimama juu yetu. Kule ng'ambo nyasi zilirudi, ndege wakataga, na maji, naamini, yakawa safi kuliko zamani. Nyanya alifariki bila kuyaonja tena. Wale wanawake nao wameondoka mmoja mmoja, na kicheko chao cha pale chemchemini sijakisikia tena popote.