Tuzo ya Mnyenyekevu Kuliko Wote

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni Shinyanga, nasomea theolojia, likabandikwa tangazo kwenye ubao: Tuzo ya Fahari kwa Mwanafunzi Mnyenyekevu. Lisome tena polepole. Fahari, kwa mnyenyekevu. Chuo kizima chenye walimu wa maadili na wa Kigiriki, na hakuna hata mmoja aliyeona kasoro. Mshindi, tangazo lilisema, angepata ufadhili hadi amalize masomo. Mtoaji alikuwa tajiri mmoja wa Geita mwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, ambaye alikuwa ameokoka siku si nyingi na alitaka watu wajue.

Mimi ufadhili huo niliutaka kwa kufa na kupona. Jina langu lilikuwa kwenye orodha ya wasioruhusiwa kufanya mtihani mpaka walipe ada, na nyumbani Kharumwa mpunga ulikuwa umekaukia shambani. Nisipopata, narudi kwetu, basi. Kwa hiyo nikaingia kwenye mashindano ya unyenyekevu, na sijawahi kuona mashindano machafu kama yale.

Mwenzangu mmoja, mwenye jozi tatu za viatu vya ngozi, akaanza kuja darasani na kandambili zilizofungwa kwa waya. Dada mmoja wa bweni letu, ambaye tangu afike hajashika fagio, akawa anadeki vyoo saa ileile mkuu wa chuo anapopita. Ukimsifu mtu anakujibu, "Mimi si kitu," halafu anachungulia kama mwalimu amesikia. Foleni ya chakula ndiyo ilikufa kabisa, maana kila mtu alitaka kuwa wa mwisho. Ugali unapoa, sisi tunaambiana tangulia wewe, hapana, tangulia wewe, na njaa inatuuma wote. Na mimi usinione mtakatifu. Niliandika insha ya kurasa nne kueleza jinsi nisivyopenda kujieleza.

Nikashinda.

Nikampigia baba simu. Baba yangu ni mkulima na mfugaji, na Kiswahili chake kina l peke yake. R aliwaachia wenyewe. Mimi nimesoma, tofauti naijua, lakini nikifurahi ulimi unarudi kwetu. Nikasema, "Baba, nimepata tuzo ya fahali."

Akauliza, "Wa langi gani?"

Nikadhani mtandao unakatakata. Nikamjibu njoo siku ya sherehe, utaona mwenyewe.

Siku ya sherehe baba akaja na kamba. Kamba mpya ya katani, ameizungusha begani juu ya koti lake la kanisani, na majirani alishawaaga kwamba anakwenda kuchukua dume la mtoto wake. Nilipoiona ile kamba nikaelewa yote kwa mara moja, nikatamani ardhi inimeze. Sikumwambia. Ningemwambiaje na kwaya imeshaanza? Nikajipa moyo kwamba ada ikishalipwa tutacheka pamoja.

Tajiri alizungumzia unyenyekevu wake kwa saa nzima na ushee. Alitutajia magari yake moja baada ya jingine, ili tuone jinsi yasivyomshughulisha. Ndipo nikaitwa mbele, nikapewa cheti ndani ya fremu na saa ya ukutani yenye picha yake, anacheka pale katikati, mishale imemtokea puani. Mshereheshaji akasoma kwamba mfadhili amejitoa kumbeba binti huyu katika maombi, kila siku, hadi amalize masomo. Watu wakapiga makofi. Mimi nikasubiri sentensi inayofuata. Haikuwapo. Kumbe ufadhili wenyewe ni wa kiroho.

Mzazi akaombwa aje kushukuru. Baba akasalimu ukumbi kwa heshima zote, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili, akasema, "Nashukulu sana. Sasa naomba mnionyeshe huyo fahali, maana kwetu ni mbali."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Wachungaji, walimu, na wale wanyenyekevu wenzangu wote, walicheka mpaka wakaegemeana. Tajiri alifuta machozi kwa leso. Hakuna aliyejiuliza mzee yule anamtaka fahali wa nini. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinama kama vile simjui. Hilo linaniuma mpaka leo kuliko ufadhili wenyewe.

Nikamsindikiza stendi, nikamweleza kila kitu: lile neno, ile tuzo, na orodha ya mtihani. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Kwa hiyo hakuna kitu?" Nikasema hakuna. Akapanda basi.

Wiki iliyofuata ada ikalipwa yote. Nikapiga simu kuuliza.

"Ng'wana wane," akasema, yaani mwanangu, "nimeuza maksai. Lakini hapa nimewaambia ile tuzo ndiyo imelipa. Usije ukaniumbua."

Wale walikuwa ng'ombe wake wawili wa kulimia, na wengine hakuwa nao.

Nilifanya mtihani, nikamaliza, na sasa nawafundisha wengine dini. Kanisani kwetu, ukifika wakati wa kuwaombea wafadhili, jina la yule tajiri linasomwa la kwanza, mtu wa Mungu aliyemsomesha binti wa hapa. Kanisa zima linasimama. Na baba, aliyelima misimu mitatu kwa jembe la mkono na mgongo wake mbovu, anasimama pamoja nao na kuitikia amina.