Honi Tatu za Gari la Matangazo

Wateja walimwita Bi Omu, na jina hilo alilipata kwa haki. Mtu angeingia na gari lake, ametanua kifua, anataka sabufa ya kutikisa vioo vya majirani, naye kabla ya kuitikia salamu sawasawa angeuliza, "Spika zako omu ngapi?" Wapo waliodhani anauliza umri wa gari. Angewaeleza kwa subira kwamba omu ni kipimo cha jinsi spika inavyoubana umeme. Spika ikibana kidogo mno, amplifaya hujimwaga kupita uwezo wake, ikachemka, ikazima au ikaungua. Ikibana mno, sauti hutoka kama ya mgonjwa. "Ni kama ndoa," alipenda kumalizia. "Kila mmoja mzuri kwao, na bado ukiwaweka pamoja nyumba inawaka moto."

Maneno hayo hakuyabuni yeye. Aliyarithi kwa mjomba wake, kaka wa mama yake, aliyefungua karakana ile ya muziki wa magari na kumpokea akiwa na miaka kumi na tisa, wakati ambapo watu walisimama barabarani kumcheka msichana aliyelala chali chini ya dashibodi. Mjomba aliwajibu wote kwa maneno mawili: "Ana sikio." Sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na mbili, na sikio la mpwa lilikuwa bado zima. La mjomba ndilo lililoanza kwenda.

Bi Omu aligundua mwaka uliotangulia. Mjomba alimaliza kufunga muziki wa gari moja dogo jeupe, akamwambia mwenyewe kwamba sauti ni safi kama maji ya mtungi, kumbe spika zinapiga mluzi kama birika jikoni. Mwenye gari akatoa macho. Bi Omu akajifanya anafuta kioo, akaingiza mkono chini ya kiti na kupunguza nguvu ya amplifaya. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: mjomba anafunga, mpwa anapita nyuma yake kurekebisha. Alifunika kombe mwanaharamu apite. Kumwambia mtu aliyekufundisha kusikia kwamba yeye hasikii, ni nani mwenye ulimi mwepesi hivyo?

Ila wiki moja Bi Omu alilala kitandani na homa, na wiki hiyohiyo mjomba alifunga gari la matangazo.

Lilirudi siku ya tatu ya mvua isiyokatika, saa nane na nusu mchana. Dereva wake, jamaa mrefu aliyezoea kunadi sabuni na mechi za mpira, aliruka kabla gari halijasimama vizuri. Nyuma yake aliteremka mwenyekiti wa mtaa, maji yakimchuruzika mpaka kwenye viatu, mkononi karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Saa kumi kamili wanafungua lango la bwawa," mwenyekiti alisema. "Limejaa, hawana njia nyingine. Barua imeletwa kwa pikipiki, maana simu hazishiki tangu alfajiri. Bonde lote lihame."

"Na hili gari linatangaza dakika tatu linakata!" dereva alidakia. "Taa nyekundu inawaka kwenye amplifaya, nangoja ipoe, naanza tena, linakata. Hata mtaa mmoja sijaumaliza."

Bi Omu alimtazama mjomba wake. Alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi, bisibisi mkononi, akisoma midomo yao. Nyumba yake ilikuwa huko bondeni, safu ya mwisho kabla ya mto, na mkewe alikuwa ndani na goti lililovimba.

"Mjomba, umesikia?"

"Nimesikia. Bwawa." Akavuta hatua kuelekea garini. "Tuongeze nguvu. Nilisema tangu mwanzo sauti ya hili gari ni ndogo."

Bi Omu alikuwa tayari amefungua mlango wa nyuma. Joto la amplifaya lilimpiga usoni. Aliigusa akarudisha mkono haraka. Juu ya paa zilikaa honi nne, zile spika za mdomo mpana, kila moja omu nne, na waya zake zote zilishuka pamoja hadi kwenye jozi moja ya nati. Nne zikiwa sambamba namna ile hubaki omu moja. Amplifaya yenyewe ilikuwa imeandikwa ubavuni, kwa herufi ambazo hata mtoto angezisoma: isipungue nne. Na kile kifundo cha kuongezea nguvu kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, hakina pa kwenda tena. Akashika mita, akapima honi moja moja. Mbili zilijibu. Mbili zilikuwa zimeungua, mita haikutikisika.

"Nani kakuambia uzifunge hivi?" alimuuliza dereva kwa sauti ya chini, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Mzee mwenyewe. Alisema hazisikiki."

Mjomba akaweka mkono kwenye kile kifundo, akitafuta nafasi ya kukisogeza zaidi. Bi Omu akamshika kifundo cha mkono. Hakuwa amewahi kufanya hivyo maishani mwake.

"Mjomba, usiongeze."

"Sauti ndogo, mwanangu! Watu watakufa kwa sababu sauti ndogo!"

"Sauti si ndogo." Alisogea ili mjomba auone mdomo wake, na akatamka taratibu, mbele ya dereva na mwenyekiti. "Si sauti, Mjomba. Ni masikio."

Mvua ilipiga bati. Dereva aliinama ghafla kuangalia matairi ambayo hayakuwa na shida yoyote. Mjomba aliutazama mkono wa mpwa wake uliokuwa umemshika, kisha akautoa wake polepole, kama mtu anayevua pete. Aliweka bisibisi mezani. Akachukua mwavuli nyuma ya mlango, wala hakuufungua, akatoka nje na kushika njia ya bondeni.

"Mfuate," mwenyekiti alisema.

"Nikimfuata nani atatengeneza?" Alikuwa tayari anavuta turubai. "Nipeni dakika ishirini. Dereva, ng'oa fyuzi ya hizo sabufa mbili za nyuma. Zile zinakula betri bure, hatuendi kucheza ngoma."

Alipanda juu ya paa mwenyewe, turubai kichwani. Alikuwa na honi mbili nzima za omu nne, na mbili hazikutosha. Bonde lile lilikuwa pana, na mto ulikuwa tayari unanguruma. Kwenye rafu ya karakana alikuwa na honi moja kuukuu, lakini hiyo ya omu nane. Angeiunganisha ovyo na wenzake, amplifaya ingekata kama mwanzo. Alifumba macho, maji yakimwingia shingoni. Nne ikifuatana na nne kwenye waya mmoja, inakuwa nane. Nane hiyo ikienda sambamba na nane ya honi kuukuu, inakuwa nne. Nne ndiyo ileile iliyoandikwa ubavuni.

Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Mara mbili waya ulimponyoka, mara moja praisi ikaanguka chini na mwenyekiti akaiokota topeni akamrushia. Aliposhuka alipima tena: nne kasoro kidogo, kama inavyotakiwa. Akarudisha kile kifundo katikati, akamwambia dereva ahesabu kwenye maiki. Moja, mbili, tatu. Sauti ilitoka kavu, kali, haina madoido, na mwanamke aliyekuwa ng'ambo ya barabara akafungua dirisha kuuliza kuna nini.

Saa tisa na dakika tano waliingia bondeni. Bi Omu alikaa nyuma, kiganja juu ya amplifaya, akisikiliza joto lake. Dakika tatu zikapita. Tano. Kumi. Lilikuwa vuguvugu tu. "Hameni sasa hivi! Nendeni shuleni juu! Saa kumi maji yanafunguliwa!" dereva alirudia, mpaka sauti yake mwenyewe ikaanza kukwaruza. Milango ilifunguka. Watu walitoka na watoto mgongoni, na magodoro, mmoja na cherehani kichwani. Wengine walisimama kubishana, mwenyekiti akawashukia mmoja mmoja kwa ukali ambao hakuna aliyewahi kumwona nao.

Kwenye safu ya mwisho, kila nyumba ilikuwa imefunguka isipokuwa moja.

"Simamisha!" Bi Omu alipiga bodi.

Honi tatu zilikuwa zikielekea mlango ule, hatua kumi hazifiki, na mlango haukutikisika. Alikimbia, matope yakimvua kiatu kimoja, akagonga kwa ngumi. Akagonga tena. Kutoka ndani, kwa mbali, alisikia sauti ya mke wa mjomba ikiita, "Niko chumbani! Siwezi kunyanyuka!"

Saa ya dereva ilionyesha kumi kasoro dakika nane.

Alizunguka nyuma, akakuta mlango wa uani umeegeshwa. Mjomba alikuwa sebuleni, amempa mgongo, anapandisha juu ya kabati boksi lake la vifaa, taratibu, kama mtu mwenye mchana kutwa. Nje gari lilikuwa linapasua anga. Chumbani mkewe alikuwa anaita. Yeye hakugeuka. Midomoni mwa mwenyekiti alikuwa amelisoma bwawa, saa kumi hakuisoma, na alikuwa anangoja alisikie gari ndipo ahame. Hapo ndipo Bi Omu alipoelewa kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko alivyowahi kujikubalia.

Akamshika bega. Mzee aligeuka akiwa ameshtuka, boksi likamponyoka, nati zikamwagika sakafuni.

"Gari liko mlangoni, Mjomba. Linatangaza."

Alimtazama mdomo, kisha akatazama mlango. "Linatangaza sasa?"

"Sasa hivi."

Aliziruka nati, akaingia chumbani, wakambeba mkewe wawili wao, yeye upande wa goti bovu, wakampandisha katikati ya sabufa mbili zilizonyamaza. Gari lilipofika kona ya juu, Bi Omu aliuona mto kwa dirisha la nyuma. Haukuja kama ukuta, kama alivyoogopa. Ulivimba tu, wa kahawia, ukapanda mtaani kwa hatua za mtu anayejua aendako, ukaingia ule mlango wa uani wa mjomba.

Jioni ile, kwenye darasa lililojaa watu waliolowa, mwenyekiti alihesabu majina mara tatu; hakuna aliyepungua. Nyumba tisa zilibomoka kuta, ya mjomba ikiwemo. Mkewe alikaa kwenye dawati, mguu juu ya kiti, akimtazama Bi Omu.

"Mwaka wa pili huu napiga kelele ndani ya nyumba yangu kama mnadi," alisema. "Nilidhani wewe hujui. Sikutaka umdharau."

"Nami nilidhani wewe hujui, Mama."

"Basi tumemficha sote wawili, na nusura tumzike."

Mjomba alikuwa dirishani, mgongo kwao. Siku tano hakumsemesha mpwa wake. Siku ya sita alikuja karakanani asubuhi, akavaa ovaroli, akasogeza gari la mteja mwenyewe mpaka chini ya taa. Alifunga spika, akapima omu, akaangalia mita mara mbili. Kisha akaketi kwenye kiti cha nyuma, akaweka viganja vyote viwili juu ya sabufa, akamwangalia Bi Omu usoni.

"Washa," alisema, "uniambie unasikia nini. Usinidanganye."