Korongo wa Ukutani na Matete ya Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Korogwe kumzika binamu yangu, nikalala nyumba ya wageni karibu na barabara kuu. Asubuhi nikisubiri chai niliinua macho, nikaona picha kubwa ya zamani ukutani, isiyo na rangi. Korongo mwenye taji kichwani amesimama kwenye kiota katikati ya matete, mayai matatu miguuni pake. Chini pameandikwa kwamba ndege huyo yuko katika makazi yake ya asili yasiyoguswa na binadamu. Chai ililetwa, ikapoa mbele yangu. Hasira niliyodhani nimeizika pamoja na bibi yangu ilinipanda upya, maana kiota kile nakijua. Mimi ndiye niliyekionyesha.

Tulikaa nje kidogo ya Mnyuzi wakati wa Mwingereza, miaka ile iliyofuata vita kubwa ya pili. Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa ya mwisho. Ukiipita migomba yake tu, miguu inaanza kuzama kwenye tope la kinamasi. Asubuhi tuliamshwa na vyura na yangeyange, kisha filimbi ya gari moshi likiingia stesheni. Tulikula bada, ugali wetu wa muhogo, kwa kambale aliyekaushwa moshini, na wakati wa masika viboko walikuja kula majani nyuma ya choo chetu kana kwamba wamealikwa.

Bibi alikuwa fundi wa milango ya matete. Sikumbuki jiko kijijini ambalo halikuwa na mlango wake. Lakini upande wa kinamasi walikotaga korongo, yeye na wanawake wenzake hawakukata tete hata moja, tangu ndege wale waanze kucheza ngoma yao mpaka vifaranga watoke. Ukitaka kutazama kiota, unayainamisha matete taratibu, unayafunga kwa ukindu, unachungulia. Ukiondoka unafungua, yanasimama tena. Bibi alinifundisha fundo lake: mizunguko miwili na kitanzi kinachofunguka kwa mvuto mmoja.

"Ukifunga wewe, ufungue wewe," alikuwa akisema. "Usimwachie mwenye nyumba mlango wazi."

Basi masika moja akaja mgeni wa meneja wa shamba la mkonge, mzungu mwenye kamera ya miguu mitatu, na mpishi wa Kishambaa wa kumsemea. Alipiga picha kila kitu: kenge, viboko, hata mama zetu wakichota maji, bila kuwauliza. Bibi alimpa kigoda akae na ndizi mbivu ale. Alipotaka kiota cha korongo, bibi alimjibu vizuri tu.

"Mwambie asubiri. Vifaranga wakitoka, nitampeleka mwenyewe."

"Bibi, bwana anasafiri Jumamosi," mpishi alisema.

"Basi aende salama."

Kesho yake walinikuta mimi kisimani. Mzungu aliniruhusu niingize kichwa chini ya kile kitambaa cheusi cha kamera. Rafiki yangu, niliiona nyumba yetu kichwa chini, na migomba ya bibi inaning'inia kutoka mbinguni. Kwa hilo tu nikawapeleka. Niliyafunga matete kama nilivyofundishwa, mafungu manne. Mzungu akachungulia, akatikisa kichwa.

"Anasema hapa kuna giza," mpishi aliniambia. "Wewe nenda nyumbani, mwanangu."

Nikaondoka mbio kwa furaha ya vile nilivyoona, wala sikukumbuka kufungua. Nyuma yangu nikasikia panga.

Asubuhi bibi aliwaona kunguru wakizunguka upande ule, akanishika mkono tukaenda. Matete yalikuwa yamefyekwa kutoka njiani mpaka kwenye kiota, upana wa kupita mkokoteni. Kiotani palibaki maganda. Korongo wawili walisimama mbali majini, kimya. Fungu langu moja lilikuwa limeponea pembeni, bado limeinama. Bibi alivuta kitanzi, likasimama. Hakuniangalia, hakunipiga, na heri angenipiga.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja nyumbani kwa meneja, kanga ikiwa imelowa tope.

"Mwambie bwana wako," alimwambia mpishi, "mtu hang'olewi mlango wa nyumba yake ili apigwe picha amelala."

Mpishi alitazama chini, akasema maneno mawili matatu ya Kizungu. Mzungu akatabasamu, akampa bibi mkono. Mpaka leo naamini aliambiwa kwamba mama huyu anamtakia safari njema.

Haikuishia hapo. Kabla ya masika mengine jumbe alitusomea tangazo barazani: ni marufuku kukata matete, kwa kuwa wenyeji wanaharibu viota vya ndege. Wenyeji! Waliowafungia na kuwafungulia ndege wale mlango tangu enzi za mama zao wakawekewa askari wa kuwazuia, na aliyefyeka akapewa sifa. Bibi alikaa na mikono yake mapajani. Mlango wa jiko lake mwenyewe ulipooza tulitundika gunia, na mbuzi wakawa wanaingia kula unga. Alikufa hajakanyaga tena kule.

Kinamasi chenyewe kilichimbiwa mifereji baadaye. Leo ni mpunga na mahindi, na wajukuu zangu wanamjua korongo kwa kuambiwa.

Nilisogea ukutani. Binti wa mapokezi alikuja kuchukua kikombe.

"Unaipenda, mama? Wageni wengi wanaipenda."

"Tazama chini ya ndege, mwanangu. Haya matete yamekatwa kwa panga."

Akatazama kwa adabu. "Mimi naona ndege tu, mama."

Simlaumu, ndivyo picha ilivyotengenezwa ionekane. Lakini mimi niliendelea kutazama mpaka ukingoni kabisa, karibu na fremu, na pale nikaliona fungu moja la matete limeinamishwa, limefungwa kwa ukindu: mizunguko miwili na kitanzi. Fungu lile bibi alilifungua kwa mkono wake asubuhi ile. Hapa ukutani limebaki kama nilivyoliacha mimi.