Kikombe na Majivu

Jirani anasugua sufuria kwa majivu na ndimu, na hasira zimenipanda upya.

Shuleni mwalimu alitukaririsha kwamba sote ni ndugu. Basi nikamleta kwetu Mikindani rafiki yangu Mmakonde, ambaye kwao Mpapura walikula panya wa shambani. Mama akampa maji, anatabasamu: "Karibu, mwanangu."

Rafiki yangu akanywa, akaaga; hajafika hata mlangoni, mama keshachota majivu, anakisugua kile kikombe utadhani kimeingia najisi. "Wala panya hawa!"

Rafiki yangu aligeuka, akaona.

Kesho yake alikuja na kifuu cha nazi. "Nitilie humu, mama. Usijichoshe."

Mama akamjazia, akanigeukia: "Unaona? Huyu ana adabu."