Msusi na Ahadi ya Nne

Wateja walimwita Vidole, kwa jinsi alivyosuka upesi. Kila Jumamosi, kabla ya kufungua saluni, alipanda ngazi hadi chumba kilicho juu ya duka la madaftari, ambako mtawa mmoja wa kike wa Kibuddha aliwafundisha watu kutulia na kufuata pumzi zao. Alienda kwa ajili ya mgongo uliomuuma. Huko akakutana na ahadi tano: kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo, kutokunywa kileo.

"Nyingine naziweza," alimwambia wifi yake, aliyefanya naye kazi. "Hiyo ya nne ndiyo inanitatiza. Nataka nijue kwa siku nasema uongo mara ngapi."

"Utafunga saluni, wifi."

Akachukua uzi mweusi, akawa anapiga fundo kila aliposema uongo. Kufika saa sita mchana alikuwa na mafundo kumi na moja. "Umependeza." "Namalizia sasa hivi." Karibu yote yalikuwa maneno matamu. Alipomweleza mtawa, yule mama hakumkaripia. Aliuliza tu, "Utamu huo ulikuwa unamlinda nani?"

Swali hilo lilimganda wiki nzima. Ndipo akaja mwalimu wa hesabu, mteja wake wa miaka tisa, akaketi na kuuliza kama kawaida, "Nywele zangu zinaendeleaje?"

Vidole akaweka kitana chini. "Mwalimu, hapa utosini pana upara. Unazidi kukua."

"Tangu lini?"

Hilo hakuwa amelitarajia. Angeweza kusema ameuona leo.

"Miezi mitatu. Nilikuwa naufunika."

Mwalimu akajipapasa utosini. "Miezi mitatu unanikaza nywele palepale?"

Akajifunga kitambaa, akaondoka. Wifi alifagia sakafu isiyo na unywele hata mmoja. Vidole alikuwa amewaza uongo tu. Kumbe mikono yake nayo ilikuwa inaumiza.

Baada ya mwezi mwalimu alirudi, nywele amezikata fupi. Daktari alimwambia chanzo ni kusukwa kwa kukazwa.

"Bado nina hasira na wewe," alisema.

"Najua."

"Nioshe tu. Halafu uniangalie kama zimeanza kuota."

Vidole akamsogeza karibu na dirisha, akainama, akapekua taratibu.

"Bado," akasema. "Sioni kitu."

Mwalimu akashusha pumzi, akaegemeza kichwa kwenye beseni.