Nta ya Saa Sita Mchana

Mjomba wangu Sila hali chakula cha mchana. Saa sita ikifika huweka chini chochote alichoshika, akatega sikio kama mtu anayesubiri kuitwa. Nilidhani ni tabia yake tu. Likizo hii ya Desemba ndipo nilipojua anasikiliza nini.

Mjomba ni fundi wa umeme. Si umeme wa nyumba, maana nyumba zenye taa hapa Dodoma ni za kuhesabika. Yeye hutibu malori, magreda na matingatinga makuukuu. Huanza kwa kunusa. Anasema waya ulioungua una harufu yake hata ukipita mwaka. Halafu hutoa kibalbu chake chenye nyaya mbili, akagusa hapa, akagusa pale: kikiwaka, umeme umefika; kisipowaka, umeishia njiani. Tena anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Mama yangu, Anyesi, ambaye ni dada yake, anasema baba alikuwa akimtania sana: "Shemeji, nati ukiifunga wewe, kuifungua lazima mtu asimame kichwa chini!"

Baba yangu, Yotham, simkumbuki uso. Namkumbuka harufu ya dizeli. Yeye na mjomba walikuwa mafundi kwenye mashamba makubwa ya karanga. Kule utepe wa kufungia nyaya haukukaa, joto na vumbi viliula gundi yake, basi wakabuni njia yao ya Kigogo: uzi wa pamba uliopakwa nta ya nyuki. Ukipoa unakuwa mgumu kama mfupa. Kambi nzima iliwasifu.

Siku moja walitengeneza tingatinga asubuhi, vichwa vyote viwili ndani ya mashine, kila mmoja akifunga nyaya zilizo upande wake. Saa sita, saa ya chakula, baba akajilaza mbele ya tingatinga, kivulini mwake. Injini ilikuwa imezimwa. Gia ilikuwa imeachwa ndani ili lisiteleze. Kitini hapakuwa na mtu. Tingatinga likatikisika, likasogea hatua moja. Hatua moja ilitosha.

Watu walisema lina pepo. Mjomba aliuleta mwili kijijini kwetu Mvumi tukazika, na kule karanga hakurudi tena. Hakuwahi kulifungua lile tingatinga. Na hicho ndicho kilichomla miaka yote: je, ni pepo, au ni fundo lililofungwa vibaya? Na kama ni fundo, ni la mkono wa nani?

Sasa Bwana Fakhruddin, anayechimba malambo ya kukingia maji ya mvua, amenunua tingatinga lililokwishatumika akalileta uwanjani kwake, hapa Makole. Akalitia betri mpya. Siku ya pili dereva wake, Hassani, akaruka chini akakataa kupanda tena. Mjomba akaitwa.

Nilipompelekea mjomba maji, niliwakuta wakibishana.

"Asubuhi limetulia kama ng'ombe," Hassani alisema. "Jua likifika utosini linatetemeka lenyewe. Mimi nina watoto, Bwana."

"Hassani, wewe mwanamume mzima ogopa chuma?" Bwana Fakhruddin akamgeukia mjomba. "Fundi, lambo ya Haneti nataka kabla ya mvua. Angalia. Kama iko shetani, toa. Kama iko waya, toa pia."

Mjomba hakucheka. Alikuwa akitazama ngazi ya kupandia, ambayo ilikuwa na kiraka cha chuma kilichochomelewa upande mmoja.

"Kiraka hiki tulikichomelea sisi," aliniambia taratibu. "Raheli, rudi nyumbani."

Nilielewa ni tingatinga gani. Sikurudi. Miguu ilikataa, na kusema kweli nilitaka kuona.

Asubuhi ile yote hakutengeneza kitu. Alilitia magogo mbele na nyuma ya minyororo linayotembelea, akatoa gia. Kisha akaung'oa waya unaokwenda kwenye stata, ile mota inayoamsha injini, akaufunga kwenye kibalbu chake. Akakitilia kivuli kwa gunia ili mwanga wake uonekane juani. Akakaa chini.

"Unangoja nini, mjomba?"

"Nangoja wakati wake."

Jua lilipanda. Bati la uwanjani likaanza kulia, ta, ta, ta. Hassani alisimama mbali akisoma dua. Chuma kilikuwa cha moto hata hewa juu yake ikachezacheza, nikawa naona kama mtu anainuka kitini, anakaa, anainuka.

Ndipo kibalbu kikawaka.

Hakuna aliyegusa kitu. Kiliwaka chini ya gunia, chekundu kidogo, halafu cheupe kabisa. Mjomba akanong'ona, "Yotham," kama anavyosalimiwa mtu aliyechelewa.

Halafu akawa fundi tena. Alichovya kitambaa kwenye ndoo ya maji, akakikamua, akakilaza juu ya nyaya apooze shubiri moja. Kibalbu kiliendelea kuwaka. Akakisogeza mbele. Kikawaka. Akakisogeza tena, mpaka juu ya bamba la chuma linalozifunika karibu na injini. Tukangoja kidogo pafikiwe na ubaridi. Kibalbu kikazimika.

"Palepale," alisema.

Alifungua bamba. Nyaya mbili zilipita pamoja, zimefungwa kwa uzi na nta nyeusi. Joto liliilainisha nta, nyaya zikakutana, umeme ukaenda kwenye stata bila kuitwa na mtu; na gia ikiwa ndani, stata husukuma tingatinga zima. Ikipoa, zinaachana. Hassani akasema alhamdulillahi kwa sauti. Mjomba alikuwa akitazama uzi tu.

Nilichomoa uzi kwenye ukingo wa kanga yangu, nikauzungusha kwenye kidole jinsi ninavyozungusha siku zote, kwa mkono wa kulia. Nikalinganisha. Ule wa kwenye waya ulikwenda kinyume.

Mjomba aliniona. Alikata kile kipande akakitia mfukoni, akafunga waya mpya ndani ya mpira wa baiskeli, tukarudi nyumbani.

Mama alikuwa akipepeta uwele. Mjomba alikiweka kile kipande pembeni ya ungo.

"Anyesi. Ni mkono wangu."

Mama alikiangalia bila kukigusa. Uwele ukaacha kuruka.

"Na nta?" aliuliza.

"Nta gani?"

"Nta ile aliichemsha nani, Sila? Nani aliichuja akaijaza kwenye kopo, akampa Yotham aondoke nayo, akajisifu kwa majirani? Tangu siku ile sijachemsha nta. Asali nauza na masega yake. Hukuona?"

"Nilidhani ni kwa sababu ya moshi, macho yako."

"Macho yangu mazima."

Mjomba akakaa palepale mavumbini. Mama akaendelea kupepeta, lakini nusu ya uwele ulianguka nje ya ungo, kuku wakaufaidi.

Tingatinga limekwenda Haneti. Hassani ametuma salamu kwamba limetulia, ila kivulini mwake halali.

Jana saa sita mama alipakua ugali, akauweka mbele ya mjomba bila kuuliza. Mjomba akamega tonge. Halafu akainamisha kichwa, akasikiliza. Nikamtazama mama: mkono wake nao ulikuwa umesimama hewani na upawa, kichwa ameinamisha upande uleule. Kumbe miaka yote walikuwa wawili wanaoisikiliza saa ile.

Nami nikatega sikio. Sikusikia kitu, ila mboga ya mlenda ikitokota chunguni, na bati letu likianza kulia.